Kisanduku cha Tahadhari

Jumamosi ya kwanza nilipanda ngazi za lile jengo, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, nikamkuta mwalimu wetu anapuliza vumbi kwenye kibodi kwa mdomo. Nikasema moyoni, haya, ndiye huyu. Ndiye huyu aliyenitoa masjala. Kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati kalichomeka mbele, nyuma linaning'inia, na kadi ya jina shingoni ingawa chumba kizima tulikuwa tisa. Watu walimwita Injinia. Aliwaambia mwenyewe wamwite hivyo.

Yeye hakunijua. Amekuja mara tatu kwenye zahanati ninayofanya kazi, amekalia kiti changu, amekunywa soda yangu, na uso wangu haukumbuki. "Karibu mama," akaniambia, "umemleta nani?" Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto aliyesema akikua atakuwa rubani. "Vizuri sana mama, tutakwenda polepole kwa ajili yako."

"Nenda unavyokwenda," nikamjibu, nikakaa mbele kabisa.

Mimi ni karani wa masjala. Miaka ishirini na sita nimetunza mafaili ya wagonjwa pale zahanati, na jina la Mama Faili nilipewa na wagonjwa wenyewe. Kazi hiyo watu wanaidharau kwa sababu hawaijui. Wanadhani ni kupanga karatasi. Masjala ina sheria zake, na ya kwanza ni kwamba ukinakili kitu humwamini mtu, hata nafsi yako. Unampa mwenzio ulichoandika, anakisoma kwa sauti, na wewe unafuatilia kwa kidole kwenye karatasi ya asili. Tulikuwa tunaita kusomeana. Sheria ya pili ni wino mwekundu. Mgonjwa asiyepatana na dawa fulani, jambo lake linaandikwa juu ya jalada, nje, herufi kubwa, ili muuguzi alione kabla hata hajafungua.

Jalada la mama yangu mzazi lilikuwa nambari 417. Juu yake niliandika kwa mkono wangu: ASIPEWE PENISILINI. Mama akichomwa sindano hiyo anavimba koo mpaka pumzi inakata. Mimi na dada yangu tunalijua hilo tangu tuko wadogo, tunalijua kama tunavyojua jina lake.

Basi ukaja mfumo. Mganga Mkuu alituita, akasema mafaili yamepitwa na wakati, kila kitu kitaingia kwenye kompyuta, wauguzi watakuwa wanamfungua mgonjwa kwenye skrini. Kazi ya kuyaingiza ilikuwa yangu, peke yangu, mafaili elfu moja mia tatu na kumi na mawili. Siku ya kwanza tu nikaona kuna pa kuandika jina, umri, ugonjwa, dawa alizopewa, lakini pa wino mwekundu hakuna. Nikapiga kelele. Injinia akaja. Hakukaa hata kwenye kiti siku hiyo, alisimama, soda mkono mmoja, mkono mwingine unabonyeza, na baada ya dakika kumi kikatokea kisanduku kipya kimeandikwa Tahadhari. "Tayari mama," akasema. "Kazi ndogo hiyo." Akaenda zake.

Nikaandika. Miezi minne nimeandika. Kila jalada lenye wino mwekundu nimelinakili kwenye kisanduku kile, nabonyeza Hifadhi, na juu ya skrini linatokea neno la kijani: Imehifadhiwa. Nikimaliza, majalada yanafungwa mafurushi na kupelekwa stoo kungoja kuteketezwa.

Mwezi Machi mama alipata kidonda mguuni. Dada akampeleka zahanati, mimi nilikuwa nimetumwa wizarani na barua. Muuguzi akamfungua kwenye skrini, akasoma: Tahadhari: Hakuna. Akamchoma penisilini. Niliporudi nilimkuta mama yangu amevimba uso sina namna ya kumtambua, anakoroma, wanamkimbiza hospitali kubwa. Siku mbili alikaa kwenye oksijeni. Mungu alimrudisha.

Nikasema niliandika. Mganga Mkuu akanionyesha skrini. Hakuna. Nikasema tena, daktari, niliandika kwa vidole hivi, jalada la mama yangu ndilo la kwanza kuliandika! Akanyanyua miwani yake, akaongea kwa upole, upole ule wa kumkata mtu: "Mama Faili, mfumo hausahau. Binadamu anasahau. Umri nao unakwenda. Kama unadhani mfumo una kasoro, kausomee." Jumatatu iliyofuata nikahamishiwa mlangoni kugawa namba za foleni. Miaka ishirini na sita, nagawa vipande vya plastiki.

Hiyo ningeimeza. Iliyonikwama ni ya dada. Alimchukua mama akahamia kwake, na aliniambia neno moja mlangoni, hajalirudia kwa kuwa halihitaji kurudiwa: "Ulijua, na hukuandika." Siku hizi naruhusiwa kwenda kumsalimia mama. Nakaa naye, namsuka, tunacheka. Saa ya dawa ikifika, dada anakuja anachukua kopo la vidonge kabatini, anampeleka mama chumbani, anafunga mlango. Mimi nabaki sebuleni na kitana mkononi. Mtoto wa kumzaa, siaminiwi kumpa mama yangu kidonge na maji.

Tena kibaya zaidi, nilianza kujishuku. Labda kweli sikuandika. Labda siku hiyo nilipitiwa. Mtu ukiambiwa jambo na kila mtu, na skrini nayo inasema vilevile, unaanza kuyaona macho yako ni ya kuazima. Basi nilipoliona tangazo kwenye nguzo ya umeme, "Jifunze kutengeneza programu za wavuti, miezi mitatu, hata kama hujui kitu", na chini yake picha ya Injinia kakunja mikono kifuani, nikasema vizuri. Nimeambiwa nikausomee. Nakwenda kuusomea kwa aliyeutengeneza.

Sasa darasa lenyewe. Jamani, lile darasa! Kulikuwa na mstaafu wa benki aliyebishana na kila kitu, hata na nembo ya kompyuta ikiwaka. Kulikuwa na binti wa duka la simu aliyekuja kujipiga picha na skrini nyuma yake. Kulikuwa na kinyozi, jitu la watu, mikono mikubwa, anaandika kwa vidole viwili na kila herufi anaitafuta akiinamia kibodi na kunung'unika. Jumamosi ya kwanza alinigeukia akaniuliza, "Shangazi, hivi nukta iko wapi?" Nikamwonyesha. Baada ya dakika tano akaniuliza tena. Nikamwonea huruma ya kumwona mjinga, ile huruma isiyo na faida kwa mtu. Nilijiambia kwamba mtu huyu arudi kwenye mashine yake ya kunyolea, hapa anatupotezea hewa.

Na mwalimu! Injinia alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kikombe, na kila alichokiandika ukutani alikuwa anakitoa mle. Ukimuuliza kwa nini, anasema ndiyo kawaida yake. Kwa nini mabano haya yamechongoka? Ndiyo kawaida yake. Kwa nini mwisho wa mstari kuna nukta na mkato? Kawaida yake mama, we weka tu. Karani wangu yeyote angenijibu hivyo ningemrudisha kwao kabla ya chai. Jumamosi mbili nzima tulipaka rangi. Kurasa zetu hazikuwa na neno la maana hata moja lakini zilikuwa na rangi, na mstaafu wa benki alikataa kuendelea mpaka apate zambarau aipendayo.

Jumamosi ya tatu tukafika kwenye fomu. Nikakaa sawa. Injinia akatuonyesha jinsi ya kutokeza kisanduku cha kuandikia kwenye ukurasa, na nilipouandika ule mstari, kikatokea. Mstari mmoja! Kisanduku hicho hapo, cheupe, kinangoja mtu aandike. Nilicheka kwa sauti, watu wakanitazama. Nilikuwa namwona yule kijana mtu wa maana, mwenye siri nzito kichwani, kumbe siri yenyewe ni mstari mmoja ambao hata mimi nimeuandika, tena bila miwani.

Hapo kiburi kikanipanda, nakiri. Nilinunua laptopu kuukuu kwa fundi redio, nikawa nafanya mazoezi kila nikitoka kazini. Wenzangu wakitapatapa mimi nimeshamaliza. Injinia akikosea herufi ukutani, namsahihisha kabla hajageuka. Alikuwa anasema "asante mama" kwa meno yaliyokazwa, na mimi nilikuwa naifurahia ile asante. Nilimwona kila mmoja mle ndani ni bure kabisa, na kinyozi ndiye bure kuliko wote.

Mwezi wa pili akatupa kazi. Kila mtu atengeneze programu ndogo ya shughuli yake. Msingi tuliujenga pamoja darasani: ukurasa wa kuandikisha, ukurasa wa kusoma, na katikati programu ya nyuma, ile isiyoonekana, ambayo Injinia alituandikia kwa haraka tukanakili bila kuuliza. Kilichobaki kila mtu akamalizie kwake. Mimi nilitengeneza daftari la wagonjwa. Jina, umri, nambari ya faili, ndivyo tulivyokuwa tumefanya darasani. Kisha nyumbani nikaongeza changu. Kwenye ukurasa wa kuandikisha nikaongeza kisanduku cha Tahadhari, chenye mpaka mwekundu, mnene, kisichokwepeka. Kwenye ukurasa wa kusoma nikaweka Tahadhari juu kabisa, na nikaagiza kwamba kama hakuna kitu, paandikwe Hakuna, vile nilivyozoea kuona pale zahanati. Dakika kumi. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati nikajipongeza.

Siku ya kuonyesha, nilikuwa wa kwanza. Nikasimama mbele, laptopu yangu imeunganishwa na ile mashine ya kumulika ukutani. Nikaandika mgonjwa wa kubuni. Kwenye Tahadhari nikaandika kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI. Nikabonyeza Hifadhi. Imehifadhiwa, kijani. Darasa likapiga makofi, hata mstaafu wa benki. Injinia akasema, "Mama ametuzidi wote," kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

Nikaanza kukusanya nyaya zangu. Kinyozi akanyoosha mkono.

"Shangazi, samahani. Tuone kisogo."

"Nini?"

"Mimi nikimaliza kumnyoa mtu, simwachi aondoke. Nampa kioo cha pili aone kisogo, maana mbele anajiona mwenyewe, nyuma haoni. Sasa hapo tumeona mbele. Ufunge, halafu umfungue huyo mgonjwa upande wa pili, tuone alivyokaa."

Nilimtazama kwa dharau isiyo na kificho. "Imeandika imehifadhiwa. Kusoma hujui?"

"Najua kidogo, shangazi. Tuone tu."

Nikafunga. Nikafungua ukurasa wa kusoma. Jina lipo. Umri upo. Nambari ya faili ipo. Na juu kabisa, nilipoiweka mwenyewe: Tahadhari: Hakuna.

Nikarudia. Nikaandika upya, taratibu, nikabonyeza, kijani, nikafungua. Hakuna. Nyuma yangu Injinia alikuwa ameanza kucheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyesubiri miezi miwili.

"Mama, mama, mama," akasema, akaja mbele. "Kisanduku chako ni pambo. Ukurasa ni sura tu. Ukibonyeza Hifadhi, maneno yanakwenda kwa ile programu ya nyuma, na ile ina orodha yake ya vitu inavyopokea: jina, umri, nambari. Chochote kisichomo kwenye orodha inakitupa. Haiulizi, hailalamiki. Na hata ingekipokea ingekiweka wapi? Jedwali lako la kutunzia halina safu ya tahadhari."

"Mbona imesema imehifadhiwa?"

"Imehifadhi jina na umri! Hiyo nyingine haiijui. Hili ni kosa la kitoto, jamani, liandikeni. Mtu anaongeza kisanduku mbele kwa haraka, anasahau nyuma. Mtu wa kwangu akinifanyia hivi kazini, simpi siku ya pili."

Darasa likacheka. Binti wa duka la simu akanipiga picha. Mimi sikuwasikia vizuri. Nilikuwa naona soda. Naona mkono mmoja unabonyeza na mwingine umeshika chupa, na kijana amesimama, anasema kazi ndogo hiyo. Niliandika. Mungu wangu, niliandika! Mafaili yote yale niliyaandika!

"Mwalimu," nikasema, "nieleweshe vizuri, mimi mtu mzima nakwenda polepole. Kumbe kisanduku kinaweza kuonekana, mtu akaandika, skrini ikamwambia imehifadhiwa, na kusiwe na kitu?"

"Kabisa. Kama aliyekitengeneza ni mwanafunzi."

"Au kama alikitengeneza kwa dakika kumi, amesimama, chupa ya soda mkononi. Halafu upande wa muuguzi patupu pakaandikwa Hakuna."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, yule kijana alinitazama usoni. Niliona akihesabu: zahanati, masjala, mama mmoja aliyepiga kelele. Kicheko kilimwisha mdomoni kabla hajaufunga.

"Wewe ni wa..."

"Mama Faili. Soda yangu ulikunywa mara tatu."

"Tupumzike dakika kumi," akaliambia darasa.

"Dakika kumi zako nazijua," nikasema, nikachomoa waya wangu.

Pale pale ngazini nilimpigia simu muuguzi wa zamu. Nikamwambia lile neno Hakuna asiliamini, mgonjwa yeyote kabla ya sindano amuulize kwa mdomo wake mwenyewe au ndugu zake, na awaambie wenzake. Akauliza nani ameagiza. Nikamwambia mgawa namba.

Kinyozi alikuwa amenifuata na mkoba wangu niliousahau. Nilimwambia asante, na ilinitoka kwa shida, maana mtu niliyemwona bure miezi miwili ndiye pekee mle ndani aliyejua kazi.

Jumapili Injinia alinipigia. Sauti ilikuwa ya asali. "Mama yangu mpendwa, nimeangalia, ni hitilafu ndogo tu. Naweza kuirekebisha hapa hapa nilipo, leo leo. Haya mambo ya kiufundi watu hawayaelewi, tutawatia hofu bure." Nyoo! Mama yangu alipokuwa anakoroma sikumsikia akihofia mtu. Nikamwambia asiguse kitu. Kesho saa tatu awe ofisini kwa Mganga Mkuu, avae shati limechomekwa pande zote. Kisha nikampigia dada. Nilimwomba kitu kimoja, aje aangalie kwa macho yake, halafu akitaka asinisemeshe mpaka kufa.

Alikuja. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, ananitazama kwa upande. Mganga Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake, hana raha, anatazama saa. Injinia kanywea kwenye kiti kama kifaranga kilicholowa.

Sikuhutubia. Nilifungua ukurasa wa kuandikisha, nikamwandikisha Mganga Mkuu mwenyewe kuwa mgonjwa mpya. Jina lake, umri wake, nilimwuliza akanitajia. Nilipofika kwenye Tahadhari, nikaandika, na nikasoma kwa sauti huku naandika: "Mfumo hausahau. Binadamu anasahau." Nikabonyeza Hifadhi.

"Daktari, nisomee hapo juu."

"Imehifadhiwa," akasoma.

"Sasa mfungue wewe, kwenye skrini ya muuguzi."

Akafungua. Akasogeza miwani. Akafunga, akafungua tena.

"Soma, daktari. Miwani unayo."

"Tahadhari," akasema polepole. "Hakuna."

Akamgeukia Injinia. Injinia akaanza kueleza, mara toleo, mara muda haukutosha, mara mahitaji yaliongezwa baadaye, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuumbuka. Mwishowe akainamisha kichwa akasema, "Nilisahau nyuma." Mganga Mkuu, kwa kuwa ilikuwa lazima amlaumu mtu na kijana alishajilaumu, akanirudia mimi: "Sasa Mama Faili, hili ungetuambia mapema." Loo! Nimekutana na watu wengi wasio na haya, lakini huyu anastahili kombe.

"Niliwaambia mwezi Machi," nikamjibu. "Mkanipa plastiki za namba."

Nilitegemea hapo ndipo nitakapoonja ushindi. Nilikuwa nimeupanga moyoni Jumapili nzima. Nikamgeukia dada nione uso wake. Alikuwa analia kimya, machozi yanadondokea kwenye mkoba, lakini alipofungua mdomo hakusema nisamehe.

"Kwa hiyo uliandika," akasema.

"Niliandika."

"Na hukuangalia?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Miaka yote ile ulikuwa unakuja nyumbani unatuchosha na huko kusomeana kwenu. Huyu amsomee yule, yule amsomee huyu. Ya mama ulimsomea nani?"

Nilitaka kusema nilikuwa peke yangu, wenzangu wa masjala walishaondolewa. Kweli tupu. Nilitaka kusema skrini ya wauguzi sikuwa na ruhusa ya kuifungua. Kweli tupu pia. Lakini muuguzi alikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu, miezi minne. Ningemwita mara moja tu, niseme mwenzangu, hebu nisomee 417. Sikumwita. Niliona kijani, nikaridhika. Miezi miwili nimewadharau watu wanane kwa ujinga wao, na ujinga wenyewe nilikuwa nimeubeba kutoka kazini.

"Sikumsomea mtu," nikamwambia. "Niliamini lile neno la kijani."

Akafuta macho kwa kiganja. "Haya," akasema. "Angalau sasa najua."

Mafurushi yalikuwa bado stoo, mtu wa kuyateketeza hajaja, uzembe wa pale kwetu kwa mara ya kwanza ukawa na faida. Injinia akakaa kwenye kiti, safari hii bila soda, na mimi nikakaa nyuma yake nikimtazama kila anachobonyeza. Akaongeza safu kwenye jedwali. Akaongeza jina kwenye orodha ya programu ya nyuma. Alipotaka kusema tayari, nikamwambia neno hilo humu ndani halisemwi tena mpaka tuone kisogo. Akaniuliza kisogo nini. Nikamwambia akamuulize yule kinyozi wa darasani kwake.

Nilifungua furushi la kwanza, nikatafuta mpaka nikalipata. 417, wino mwekundu umefifia kidogo pembeni lakini unasomeka. Nilihitaji mtu wa upande wa pili, na muuguzi alikuwa na foleni. Dada hakuwa ameondoka. Yeye maisha yake yote ni kuuza vitambaa, masjala haijui hata inanukaje. Alivuta kiti mwenyewe, akakaa mbele ya skrini ya muuguzi.

Nikaandika. Nikabonyeza. Kijani kikatokea, sikukitazama.

"Mfungue mama," nikamwambia. "Soma."

"Tahadhari," akasoma dada. "Asipewe penisilini."

Kidole changu kilikuwa juu ya jalada, kinafuata neno kwa neno. "Funga. Fungua tena."

Akafunga, akafungua. "Asipewe penisilini," akasoma, na sauti ikamkatika katikati, akalimalizia kwa kunong'ona. Injinia alijitia kutafuta kitu sakafuni.

"Alhamisi naenda kuchukua vitambaa, nalala huko," akasema dada bila kugeuka. "Mama anameza vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Viwili vyeupe, kimoja cha njano, maji ya vuguvugu, ya baridi hataki. Kopo liko kabatini, rafu ya juu. Utampa wewe."

"Nitampa," nikasema.

Nikavuta jalada lililofuata, nikalipangusa vumbi, nikaandika, nikabonyeza.

"Soma," nikamwambia.